Land Cruiser 70, Patrol, Defender, D-Max au Hilux: dizeli ipi ya safari za mbali na lami

Anayetafuta gari la dizeli la kuzunguka njia mbovu kwa wiki kadhaa huuliza kwanza lipi haliharibiki. Halipo. Ulizeni hivi: likiharibika, linatoa dalili mapema, na linaweza kufika kwa fundi kwa zana zilizomo ndani yake? Ukilipima kwa swali hilo, magari matano yanayotajwa zaidi hugawanyika pande mbili. Upande mmoja ni yenye pampu ya kimekanika: Toyota Land Cruiser 70 yenye injini ya 1HZ, Nissan Patrol yenye TD42 na Land Rover Defender yenye 300Tdi. Upande wa pili ni ya komoni reli, yaani bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha injekta zote kwa amri ya kompyuta: Isuzu D-Max yenye 4JJ1 na Toyota Hilux yenye 1GD-FTV.

Pima mzigo kabla ya injini

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu hutazama nguvu za injini na kusahau kilo. Chukua watu wawili wanaokwenda mbali na vituo vya mafuta. Dizeli lita 180 ni takribani kilo 150, kwa kuwa lita moja ina uzito wa kilo 0.84 hivi. Maji lita 80 ni kilo 80. Abiria wawili, kilo 160. Bampa ya chuma pamoja na winchi, 90. Hema la juu na kerio yake, 100. Tairi la akiba la pili na ringi yake, 38. Friji na chakula, 60. Betri ya pili na nyaya zake, 35. Jeki, zana na spea, 60. Jiko, matandiko na nguo, 80. Jumla inapita kilo 850, na hujapandisha mtu wa tatu wala pikipiki.

Land Cruiser 79, yaani pikapu ya familia ya 70, ya kabati moja inaubeba mzigo huo bila kulalamika, maana uwezo wake ni zaidi ya tani moja. Defender 110, yenye uzito wa juu unaoruhusiwa wa kilo 3,050, hubeba karibu tani moja kutegemea bodi. D-Max na Hilux za kabati mbili zinaandikiwa karibu tani moja pia, lakini matoleo yenye vikorombwezo vingi hushuka chini ya hapo. Patrol ya kizazi cha Y61 yenye bodi ya familia ndiyo dhaifu hapa: gari lenyewe ni zito, hivyo nafasi iliyobaki mara nyingi haifiki kilo 800. Unaposoma vitabu vya kiwanda, angalia kama uzito mtupu ulipimwa na tangi likiwa limejaa au tupu. Tofauti hiyo peke yake inaweza kuwa kilo 100.

Pikapu za kabati mbili zina ugonjwa wake ambao hauonekani kwenye vitabu. Kitanda cha nyuma ni kifupi, na sehemu yake kubwa imekaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo boksi la zana, tairi la akiba na trela vyote vinaikandamiza chasisi kwa nyuma. Mwenye gari akiona mkia umelala, anafunga mifuko ya hewa kati ya ekseli na chasisi. Gari linasimama vizuri, lakini tatizo limehama. Springi za majani hugawa mzigo kwenye chasisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko wa hewa unasukuma sehemu moja katikati, na kwa makorogesho (matuta madogo yaliyofuatana ya barabara ya vumbi) ya kilomita mia mbili chasisi inapinda nyuma ya kabati. Dalili ni upenyo kati ya kabati na kitanda: ukiwa mpana juu na mwembamba chini, chasisi imekwisha kukunjika. Dawa ni springi za majani zilizotengenezwa kwa uzito halisi, na vitu vizito kusogezwa mbele ya ekseli ya nyuma.

Takwimu kwa ufupi

| | Land Cruiser 70 | Patrol | Defender | D-Max | Hilux |
|---|---|---|---|---|---|
| Injini | 1HZ, lita 4.2, silinda 6 | TD42, lita 4.2, silinda 6 | 300Tdi, lita 2.5, silinda 4 | 4JJ1, lita 3.0, silinda 4 | 1GD-FTV, lita 2.8, silinda 4 |
| Turbo | hakuna | hakuna kwa toleo la kawaida | ipo | ipo | ipo |
| Torki (Nm) | 285 | takribani 270 | 265 | 380 hadi 430 tangu 2012 | 420 hadi 500 |
| Taiming (kinachoendesha vali) | belti | gia | belti | cheni na gia | cheni |
| Mbele | ekseli nzima | ekseli nzima | ekseli nzima | magurudumu huru | magurudumu huru |

Usidanganywe na mstari wa torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Nm 285 za 1HZ zinapatikana kwenye mizunguko 2,200, na injini inavuta taratibu bila kuchoka, lakini ukiwa na mzigo kamili kasi ya raha ni kilomita 90 kwa saa na kila mlima ni gia ya tatu. Asiyeweza kuvumilia hilo asinunue 1HZ halafu akaifunga turbo. Tutarudi kwenye hilo.

Pampu au reli

Nozeli ya kimekanika ya 1HZ hufunguka kwenye shinikizo la takribani bar 150. Reli ya injini za kisasa hufanya kazi kwa zaidi ya bar 1,600. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu kuhusu mafuta machafu. Tone la maji au vumbi laini linalopita kwenye nozeli ya zamani huleta moshi na kugonga. Likipita kwenye injekta ya reli huichonga ncha yake, injekta inavuja ndani ya silinda, na pistoni huungua bila kuonya sana.

Haina maana kwamba reli haifai. Ina maana kwamba mfumo wa kuchuja lazima uongezwe. Weka filta ya kwanza yenye kutenganisha maji, ya mikroni 10 hadi 30, kati ya tangi na filta ya kiwanda, ikiwa na taa ya kuonya maji. Badilisha filta zote mbili kila kilomita 10,000, na mapema zaidi ukijaza kutoka kwenye mapipa. Beba filta nne za akiba.

Pampu za Denso, zilizomo kwenye 4JJ1 na 1GD, zina vali ndogo ya kudhibiti kiasi cha mafuta kinachoingia pampuni. Mafundi huiita SCV. Ikianza kunata, injini inapanda na kushuka ikiwa imesimama, kisha inazimika unapoachia mafuta kwenye mteremko. Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa kwa funguo za kawaida, lakini bila spea umekwama. Ibebe, pamoja na kisomaji cha OBD, kinachochomekwa kwenye kompyuta ya gari na kinachoonyesha shinikizo la reli likiwa hai. Bila kisomaji hicho unabahatisha: filta, SCV na injekta zote hutoa dalili zinazofanana.

Kwa upande wa pili, injini ya pampu inahitaji waya mmoja tu ili iendelee kuwaka: ule wa solenoidi ya kuzimia mafuta iliyo juu ya pampu. Alteneta ikifa, betri ikiisha, unasukuma gari kwenye mteremko, unachomeka waya kutoka betri ya pili hadi solenoidi, na unaendelea hadi mafuta yaishe. 300Tdi zenye kifaa cha kuzuia wizi kilichounganishwa na solenoidi hiyo ziondolewe kifaa hicho kabla ya safari, maana kifaa hicho kikifa gari linazimika bila sababu ya kueleweka.

Sasa filta ya masizi, ile DPF. Ili ijichome inahitaji moshi wenye joto la nyuzi 550 hadi 600, yaani mwendo wa barabara kuu kwa dakika 15 hadi 20. Ukitembea siku nzima kwa gia ya chini kwenye mawe, haifiki huko. Inajaa, kompyuta inapunguza nguvu, na ukilazimisha, dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili. Kila asubuhi chomoa dipstiki: oili ikipanda badala ya kushuka, imechanganyika na dizeli na ibadilishwe. Hilux zilizotoka mwaka 2018 na kuendelea, zenye DPF, zina kitufe cha kuanzisha uchomaji kwa mkono; za awali hazina. Gari lenye DPF halifai kwa nchi zenye dizeli yenye salfa nyingi. Tafuta toleo lisilo nayo kihalali, kuliko kununua lenye nayo na kuliondolea kinyume cha sheria.

Jambo moja linalowapa reli ushindi ni mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kwenye mita 4,000 1HZ au TD42 inabaki na chini ya theluthi mbili za nguvu zake, ikitoa moshi mweusi, na ukiwa na mzigo kamili utapanda kwa gia ya kwanza. Turbo huirudishia injini sehemu kubwa ya kile hewa nyepesi inachonyang'anya.

Land Cruiser 70

Imetengenezwa tangu 1984 na bado inatengenezwa, na hiyo ni sababu tosha ya spea kupatikana. 1HZ ni injini ya maisha marefu kwa masharti matatu. La kwanza, taiming belti ibadilishwe kila kilomita 100,000 na tenshena yake. Ikikatika vali hukutana na pistoni. La pili, isichemke. Silinda hedi yake ina chumba kidogo cha kuwashia kwa kila silinda, na ikipata joto kali hupasuka kati ya vali na chumba hicho. Safisha rejeta kwa maji ya shinikizo dogo kutoka ndani kwenda nje, si kinyume chake, na badilisha mipira ya maji yote kwa pamoja. La tatu, isifungwe turbo ya nguvu. Mtu akisisitiza, isipite bar 0.5, iwe na kipoza hewa na geji ya joto la moshi, na dereva ajue kuitazama.

Toleo la V8 la lita 4.5, 1VD-FTV, lilikuja 2007. Ni tamu kuendesha, ila alteneta yake imekaa chini na hujaa matope baada ya mito michache. Ekseli yake ya nyuma ni nyembamba kuliko ya mbele kwa takribani sentimita 9 na nusu, hivyo kwenye mchanga magurudumu ya nyuma huchimba njia yake mwenyewe na kula mafuta zaidi. Kuanzia mwishoni mwa 2023 baadhi ya masoko yanaipata na injini ya 2.8, ambayo inabadilisha hesabu yote ya aya zilizopita kuhusu reli.

Kwa mbali, kwa watu wengi wanaopita nchi nyingi zenye mafuta ya kubahatisha, Land Cruiser 78 au 79 yenye 1HZ ndiyo tunayoipendekeza. 78 ya bodi ndefu yenye matangi mawili ya lita 90 inafika mbali: kwa lita 13 kwa kilomita 100 kwenye changarawe ni zaidi ya kilomita 1,300. Mchangani unywaji hupanda hadi lita 18 au 20, na masafa hushuka hadi kilomita 950 hivi. Panga kwa takwimu ya pili.

Patrol

TD42 haina belti wala cheni, ni gia tupu, na inavumilia kuliko 1HZ mahali pa turbo. Springi za koili kwenye Y60 na Y61 humpumzisha abiria kuliko springi za majani za Land Cruiser. Loki ya difu ya nyuma (hulazimisha magurudumu yote mawili ya nyuma kuzunguka pamoja), inayofanya kazi kwa vakyumu, ilikuja kutoka kiwandani kwa matoleo mengi. Hosi zake za vakyumu hupasuka, kwa hiyo ijaribu kabla ya kununua.

Tatizo ni injini iliyofuata. ZD30 ya lita 3.0 imejijengea sifa ya kuyeyusha pistoni. Sensa ya hewa ikichafuka inadanganya kompyuta, vakyumu inayoongoza turbo inapitiliza shinikizo, joto la moshi linapanda na pistoni zinayeyuka. Hutokea kwenye barabara nzuri, ukiwa na mzigo na kasi. Ukilazimika kuichukua, funga geji ya turbo na ya joto la moshi, safisha sensa ya hewa kila unaposafisha filta, na usikanyage mafuta hadi mwisho ukiwa umebeba. Na kwa kuwa wengi wamebadilishiana injini, soma namba ya injini kwenye bloku uilinganishe na hati, kabla ya kumwamini muuzaji anayesema ni TD42.

Defender

Hili ni gari la mtu anayejua kushika funguo. 300Tdi (1994 hadi 1998) inakunywa kidogo, lita 10 hadi 12 kwa kilomita 100, na karibu kila kitu kinafunguliwa bila kompyuta. Injini za awali za aina hiyo zilikuwa na puli ya mbele isiyolingana vizuri, ikila taiming belti pembeni. Chini ya kava ya taiming kuna tundu dogo lenye boltisi ya kuzibia wakati wa kuvuka mito. Ifungue na uchunguze. Vumbi jeusi la mpira likimwagika, belti inaliwa, na ikikatika fimbo za vali hupinda. Maji yakipungua bila kuonekana, tazama gasketi ya pembeni kati ya bloku na kava ya taiming. Plagi za plastiki za rejeta na nyumba ya thermostati zibadilishwe ziwe za shaba, na funga kengele ya kiwango cha maji. Silinda hedi ya aluminiamu haisubiri.

Sikiliza pia mlio wa kugonga unapoachia na kukanyaga mafuta ukiwa kwenye gia. Mara nyingi ni meno ya shafti inayoingia kwenye kisanduku cha gia mbili (LT230), yaliyokwisha kwa kukosa oili. Kwenye 2.4 na 2.2 zilizofuata (2007 hadi mwisho wa uzalishaji Januari 2016) tatizo hilo linarudi kwa sura nyingine: adapta inayounganisha giaboksi na LT230 huliwa na kutu meno. Bodi ya aluminiamu haiozi kirahisi, lakini chasisi ya chuma inaoza, na mwanzo wake ni boriti ya nyuma. Gonga kwa nyundo ndogo. Sauti ya bati ni jibu.

Kina cha kuvuka mito kulingana na kiwanda: Defender sentimita 50, Land Cruiser 70 na Hilux sentimita 70.

D-Max na Hilux

Kama zaidi ya nusu ya safari ni lami na mafuta ni ya kuaminika, hizi zinafaa kuliko zote hapo juu. Zina breki bora, mifuko ya hewa ya usalama, na mwendo wa kilomita 110 bila kelele. Kati ya mbili, 4JJ1 ndiyo tunayoiona kuwa na subira zaidi, kwa kuwa inatoa nguvu kidogo kwa ujazo mkubwa. Kilichokosekana kwa D-Max nyingi za kizazi cha 2012 ni loki ya difu ya nyuma kutoka kiwandani. Hilux nyingi zinayo.

Hilux iliyotangulia, yenye injini ya 1KD (lita 3.0, hadi 2015), ina jambo moja linalostahili kuangaliwa kwa ukaribu. Wosha za shaba chini ya injekta huvuja polepole. Gesi ya mwako inapanda na kuingia chini ya kava ya vali, oili inakuwa tope la masizi, na tope hilo linaziba chujio la kunyonya oili ndani ya karta, bakuli la oili chini ya injini. Taa ya oili inawaka ukiwa kwenye mizunguko ya juu, na injini inakufa. Uliza risiti ya kubadilishwa kwa wosha. Kama hakuna, fungua karta, osha chujio, weka wosha mpya zote nne kabla ya safari.

Kwa zote mbili, kinachokwisha kwanza njiani ni mbele: mipira ya CV (jointi zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele), bolijointi na bushi za mkono wa chini. Ukiinua gari zaidi ya sentimita 5, pembe ya CV inakuwa kali na mpira unapasuka. Sentimita 4 zinatosha.

Magurudumu

Hilux, Patrol na D-Max zote hutumia boltisi sita kwenye duara la milimita 139.7, lakini tundu la kati halilingani: Hilux milimita 106, Patrol 110, D-Max 100. Ringi ya D-Max haiingii kwenye Hilux. Land Cruiser 70 za tangu 1999 hivi zina boltisi tano kwa duara la 150, na Defender tano kwa 165.1, kwa hiyo ringi ya akiba isitegemewe kwa jirani. Ukubwa wa 235/85R16 au 265/70R16 unapatikana sehemu nyingi. Mchangani shusha hadi bar 1.2, na utembee kilomita 40 kwa saa tu. Kwenye makorogesho 1.8 inalinda shokabu zisichemke.

Kukagua lililotumika

Fika injini ikiwa baridi, uguse bloku kabla muuzaji hajawasha. Fungua kifuniko cha oili injini ikizunguka: moshi mwepesi ni kawaida, mvuke unaosukuma kifuniko ni pistoni au ringi zilizochoka. Pima kompresheni kwenye silinda zote. Tofauti kati ya juu na chini isizidi bar 5. Kwenye ekseli nzima za Land Cruiser na Patrol, papasa nyuma ya magurudumu ya mbele: grisi iliyoyeyuka ikichanganyika na oili ni sili za ndani zilizokwisha, na beringi za swiveli, zinazobeba gurudumu linapokata kona, ziko njiani kufuata. Weka gia ya chini, funga loki za magurudumu ya mbele, zungusha usukani kabisa kulia na kushoto kwenye changarawe, na usikilize mlio wa CV. Kisha toa boltisi ya difu ya nyuma, uingize kidole. Oili nyeupe kama maziwa ni maji yaliyoingia kupitia bomba la kupumulia, na kama muuzaji hajaliongeza hadi juu ya injini, tarajia difu ya mbele pia iko hivyohivyo.